Madaktari Wanaosoma kwa Timu: Jambo Linalomhusu Mfanyakazi wa Shamba



Atakayesoma kichwa cha habari hii huenda akauliza: mambo ya wanafunzi wa udaktari yanatuhusu nini sisi wa mashambani? Sisi tuna shughuli zetu za mishahara, za glavu na mabuti, za barua za kuachishwa kazi. Wao wana vitabu vyao vinene na makoti meupe. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, na hesabu ninayoijua vizuri ni ile ya ada za chama. Lakini naomba mnivumilie. Jinsi daktari alivyofundishwa ndivyo atakavyotutibu siku tutakayofikishwa kwake tumebebwa. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

YALIYOMPATA MWENZETU

Mwaka 2016 nilikuwa mwenyekiti wa tawi katika shamba moja la maua huku kwetu Uganda, karibu na Ziwa Victoria. Mwenzetu mmoja wa kikosi cha kupiga dawa alianza kulalamika kwamba kichwa kinamuuma, macho yanaona ukungu, na mate yanamjaa kinywani. Bomba lake la mgongoni lilikuwa linavuja, na shati lake lilikuwa limelowa dawa tangu asubuhi. Mnyapara akamwambia akanywe maziwa, apumzike kivulini. Saa nane mchana akaanza kutapika, na jasho likamtiririka kama mtu aliyemwagiwa maji. Tukampeleka zahanati ya jirani. Pale akachomwa sindano ya malaria, akaambiwa arudi nyumbani akalale.

Usiku hali ikazidi. Misuli ya mashavu na mapaja ilikuwa inarukaruka yenyewe chini ya ngozi. Kifua kilikoroma kana kwamba kuna maji ndani. Tukatoa fedha za mfuko wa tawi, tukakodi gari, tukampeleka hospitali kubwa.

Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo, na nakiri kwamba nilipomwona nilivunjika moyo. Alimmulika tochi machoni, akaona mboni zimesinyaa kama ncha ya sindano. Hakuuliza homa imeanza lini. Aliuliza: "Huyu anafanya kazi gani?" Tukamwambia. "Alikuwa anapiga dawa gani?" Bahati njema nilikuwa nimeibandua ile karatasi ya kwenye mkebe, nikampa. Akaamuru avuliwe nguo zote, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha akaanza kumpa atropini, sindano baada ya sindano, mpaka kifua kikakauka. Mwenzetu akapona.

Wiki mbili baadaye nilirudi kumshukuru yule daktari, nikamwuliza alijuaje mara moja wakati wenzake hawakujua. Akacheka, akasema: "Mwenyekiti, mimi swali hili nilishalikosea darasani. Timu yetu yote tulilikosea mbele ya watu sitini. Tulisoma umri wa mgonjwa, tukasoma vipimo vyake vya damu, tukairuka kazi yake. Tangu siku hiyo sijairuka tena kazi ya mtu."

Neno "timu" ndilo lililonishangaza. Nilijua timu ya mpira. Basi nikamwomba anieleze, na baadaye akaja kwenye semina ya tawi letu akatueleza sote. Hayo ndiyo ninayoyaandika hapa, pamoja na mengine niliyojifunza baadaye.

BAIOKEMIA NI NINI?

Baiokemia ni elimu ya kemia ya vitu vyenye uhai. Inaeleza jinsi chakula kinavyogeuzwa kuwa nguvu, jinsi damu inavyobeba hewa, jinsi sumu inavyoua na jinsi dawa inavyoponya. Ndani ya kila chembe ya mwili mna kazi nyingi zinazoendelea kwa wakati mmoja, kama kiwanda chenye zamu za usiku na mchana. Wafanyakazi wa kiwanda hicho huitwa vimeng'enya. Kila kimeng'enya kina kazi yake: kimoja hukata, kingine huunga, kingine hufagia. Kimoja kikizuiliwa, kazi husimama mahali pale, na mali hurundikana kama matofali yasiyo na wa kuyaondoa.

Somo hili huwaumiza vichwa wanafunzi wa udaktari wa mwanzo. Kwa miaka mingi limefundishwa kwa mihadhara tu. Mwalimu anasimama mbele ya ukumbi, anachora ubaoni mishale na majina marefu, wanafunzi wananakili. Mfano mmoja ni mzunguko wa Krebs, yaani hatua ambazo chembe ya mwili hupitia katika kuchoma chakula kupata nguvu. Uliandikwa mwaka 1937 na Hans Krebs, aliyekuwa akifanya kazi Sheffield huko Uingereza, na mwaka 1953 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na mwenzake. Ni ugunduzi mkubwa. Lakini mwanafunzi anaukariri usiku wa kuamkia mtihani, anafaulu, na baada ya miezi michache umemtoka.

Hasara inaonekana wodini. Analetwa mgonjwa anayehema kwa kasi, amekauka, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva mno. Huyo mwili wake umekosa insulini. Hauwezi kuitumia sukari iliyojaa katika damu, kwa hiyo unachoma mafuta bila kiasi, na damu inakuwa na asidi. Jambo hilo lote lilikuwa ubaoni mwaka wa kwanza. Lakini daktari kijana analikumbuka kama wimbo wa shule, haoni kwamba ndilo lililolala kitandani mbele yake.

NJIA HII ILITOKA WAPI?

Aliyeanzisha njia ya kujifunza kwa timu ni mwalimu mmoja Mmarekani, Larry Michaelsen, katika Chuo Kikuu cha Oklahoma, mwishoni mwa miaka ya 1970. Ajabu ni kwamba hakuwa mwalimu wa udaktari. Alikuwa akifundisha mambo ya uongozi wa biashara, yaani shule wanakotoka mameneja. Darasa lake lilikuwa la wanafunzi 40 hivi, akaletewa 120. Hali hiyo sisi tunaijua sana: kazi imeongezwa mara tatu na mtu ni yule yule.

Njia rahisi ingekuwa kupanda jukwaani na kuhubiri. Yeye hakutaka, kwa sababu alikuwa amezoea kuwapa wanafunzi matatizo ya kweli wayajadili. Basi akaligawa darasa lote kuwa timu ndani ya ukumbi mmoja, akatunga utaratibu wa kuzifanya timu hizo zifanye kazi bila yeye kukaa na kila moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 utaratibu huo ukaingia katika vyuo vya udaktari, kwanza katika chuo cha Baylor mjini Houston, halafu katika vyuo vingine vya Marekani, kikiwamo cha Wright State kule Ohio. Mwaka 2007 chuo kipya cha udaktari cha Duke-NUS huko Singapore kilipokea wanafunzi wake wa kwanza, na kikaifanya kazi ya timu kuwa ndiyo njia yake kuu ya kufundisha masomo ya msingi, baiokemia ikiwa mojawapo.

DARASA LINAVYOKWENDA

Timu huwa na watu watano hadi saba. Mwalimu ndiye anayezipanga, wala haachi marafiki wajichague. Anachanganya: aliyewahi kusoma kemia, aliyefanya kazi maabara, aliyetoka mjini, aliyetoka kijijini. Timu ikishapangwa hukaa pamoja muhula mzima, kwa sababu watu hawajui kufanya kazi pamoja kwa siku moja. Kisha kuna hatua hizi:

Kwanza, kusoma kabla. Mwanafunzi anapewa kurasa za kusoma nyumbani, na anaambiwa wazi ni mambo gani anatakiwa awe ameyaelewa. Hakuna wa kumsomea.

Pili, jaribio la kila mtu peke yake. Akifika darasani anakuta maswali machache ya kuchagua jibu, na alama zake zinahesabiwa. Hapa ndipo mvivu anapojulikana mapema.

Tatu, jaribio lile lile kwa timu. Karatasi za mtu mmoja mmoja zikikusanywa, timu inapewa maswali yale yale, sasa wajadiliane na kukubaliana jibu moja. Hupewa kadi ya kukwangua, kama ile vocha ya simu. Wanakwangua herufi waliyoichagua. Ikitokea nyota, wamepata alama zote. Isipotokea, wanarudi kujadiliana na kukwangua nyingine, lakini alama zinapungua. Kwa hiyo wanajua ukweli hapo hapo, hawangoji wiki mbili karatasi zirudi. Yule daktari aliniambia kuwa kadi hii inafundisha adabu. Mwenye sauti kubwa akiwaburuta wenzake mara mbili wakakosa nyota, mara ya tatu wanamgeukia yule mnyamavu wa pembeni na kumwuliza: wewe unaonaje?

Nne, rufaa. Timu ikiona jibu la mwalimu si sawa au swali limeandikwa vibaya, ina haki ya kukata rufaa. Lakini rufaa huandikwa, na iwe na ushahidi kutoka katika kurasa walizosoma. Kelele hazihesabiwi. Wafanyakazi wenzangu mliowahi kupeleka malalamiko kwa uongozi wa shamba bila tarehe wala karatasi mtanielewa.

Tano, maelezo mafupi ya mwalimu. Sasa ndipo mwalimu anaposema, na anasema juu ya lile tu lililowashinda wengi. Yaliyoeleweka hayarudii.

Sita, kazi yenyewe. Timu zinapewa tatizo la mgonjwa, na hapa kuna masharti manne. Tatizo liwe zito, la namna ya kweli. Timu zote zipewe tatizo moja. Kila timu ichague jibu moja tu, isijifiche katika maneno marefu. Na zote zitoe jibu kwa wakati mmoja, kwa kuinua kadi yenye herufi.

Saba, kupimana. Wanatimu huandika jinsi kila mmoja alivyochangia, na maoni hayo huingia katika alama.

MFANO: YULE MFAGIAJI ALIYEKABWA

Nitaeleza kwa mfano unaofanana na ule tuliofanyiwa kwenye semina yetu. Somo ni vimeng'enya na vitu vinavyovizuia.

Nyumbani wanafunzi wamesoma hivi. Mshipa wa fahamu ukitaka msuli ukaze, humwaga mwishoni mwake kitu kidogo kiitwacho asetilikolini. Hicho ndicho kinachobeba amri. Amri ikishafika, kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi huifagia asetilikolini ile mara moja, msuli ulegee na kungoja amri nyingine. Tezi za mate, machozi na jasho nazo hupokea amri kwa njia hiyo hiyo.

Sasa, dawa za wadudu za jamii ya oganofosfati humkaba huyu mfagiaji. Amri inabaki ikilia bila kukoma. Mate yanamwagika, machozi yanatoka, jasho linatiririka, tumbo linavuruga, mboni zinasinyaa, mapafu yanajaa majimaji. Misuli inarukaruka, halafu inachoka kabisa, hata ile ya kuvutia pumzi. Hapo mtu hufa. Dawa za jamii ya kabameti nazo humshika mfagiaji, lakini baada ya muda humwachia. Oganofosfati haimwachii upesi, na kadiri saa zinavyopita fundo linakaza mpaka halifunguki tena. Hapo mwili hauna budi kutengeneza vimeng'enya vipya, na kazi hiyo huchukua siku na wiki.

Na atropini je? Wengi wetu tulidhani inaondoa sumu. Haiondoi. Atropini huziba masikio ya tezi na moyo, amri ilie lakini isisikike. Haimfungui mfagiaji, wala haiisaidii misuli iliyolegea. Iko dawa nyingine, pralidoksimu, inayoweza kumfungua mfagiaji, lakini iwahi kabla fundo halijakaza. Nilipoelezwa haya nikakumbuka zile saa tulizopoteza na maziwa na sindano ya malaria, nikakaa kimya.

Wanafunzi wakishafanya majaribio yao na kukwangua kadi, mwalimu anawapa tatizo kama hili. Tarakimu ni za mfano tu:

Mtu wa miaka 30, mpiga dawa katika shamba la maua, anakuja kliniki. Kichwa kinamuuma na anaona ukungu. Kabla ya msimu kipimo chake cha kolinesterasi katika chembe nyekundu za damu kilikuwa 150. Leo ni 90. Karatasi ya maabara inasema kipimo cha kawaida ni kati ya 80 na 160. Ufanye nini? A: Mwambie damu yake ni ya kawaida, arudi kazini. B: Mtibu malaria. C: Mwondoe kwenye kazi ya dawa mpaka kipimo kipande. D: Mpe vidonge vya kichwa, apimwe tena baada ya mwezi.

Timu zinajadiliana. Kisha mwalimu anasema: inueni! Kadi zinapanda zote pamoja. Timu nne zimeinua A, moja B, nne C, moja D. Sasa hakuna wa kujificha. Mwalimu hasemi nani kapata. Anaielekea timu ya A: tueleze. Wanasema: 90 iko kati ya 80 na 160, basi ni kawaida. Anaielekea timu ya C. Mmoja anasimama: kawaida ya nani? Watu hutofautiana sana. Kawaida ya mtu huyu ni 150, na sasa amebakiwa na sehemu 60 katika kila 100 za kile alichokuwa nacho. Tena tazameni kazi yake, imeandikwa mstari wa kwanza.

Jibu ni C. Na si jambo la kubahatisha. Jimbo la California huko Marekani lilianza mwaka 1974 kuwapima damu wafanyakazi wanaochanganya na kupiga dawa hizi. Kila mtu hupimwa kwanza kabla hajaanza kazi hiyo, ili ijulikane kawaida yake mwenyewe. Kipimo cha chembe nyekundu kikishuka hadi sehemu 70 katika 100 za kawaida yake, au chini ya hapo, mfanyakazi huondolewa kwenye dawa, na harudi mpaka kipande hadi 80.

Yule daktari wetu na timu yake walikuwa wameinua A. Ndiyo maana hakusahau. Lau angeambiwa jibu katika mhadhara angeliandika katika daftari, na daftari lingebaki kabatini. Lakini alilitetea kosa lake kwa mdomo wake, wenzake wakamwonyesha lilipo.

Mwalimu halazimiki kuishia hapo. Anaweza kubadilisha kidogo: je, mtu huyo kipimo cha kabla ya msimu hana? Je, dawa ni ya jamii ya kabameti? Kila badiliko linawarudisha kwa mfagiaji wetu na jinsi alivyokabwa. Hivyo kemia na mgonjwa wanakuwa jambo moja.

TOFAUTI NA NJIA NYINGINE

Watu huichanganya njia hii na ile ya kujifunza kwa matatizo, iliyoanza katika Chuo Kikuu cha McMaster huko Kanada mwaka 1969. Huku kwetu, Chuo Kikuu cha Makerere, ambacho kimefundisha udaktari tangu mwaka 1924, kiliichukua njia hiyo mwaka 2003 pamoja na kuwapeleka wanafunzi kujifunza katika vituo vya vijijini. Katika njia ya matatizo, wanafunzi hukaa vikundi vidogo, kila kikundi na mwalimu wake, wanaanza na mgonjwa na kutafuta wenyewe wanachohitaji kujua. Ni njia nzuri, lakini inataka walimu wengi na vyumba vingi. Katika njia ya timu, mwalimu mmoja anaweza kuongoza timu kumi au ishirini katika ukumbi mmoja, na mwanafunzi lazima asome kabla hajaingia. Kwa nchi zenye walimu wachache hilo si jambo dogo.

Je, inafaa kweli? Mwaka 2010 walimu wa Wright State walitangaza matokeo ya kuwalinganisha wanafunzi wao wenyewe: maswali ya mtihani juu ya mambo waliyosoma kwa timu, na maswali juu ya mambo waliyosoma kwa njia nyingine. Wanafunzi walifanya vizuri zaidi katika yale ya timu. Lakini lililonifurahisha ni hili: walionufaika zaidi ni wale wa chini, waliokuwa nyuma katika masomo. Wa juu nao walipanda, lakini kidogo. Chama cha wafanyakazi hakiwezi kupuuza njia inayomwinua wa mwisho bila kumshusha wa kwanza.

KASORO ZAKE

Si vema kusifu tu. Njia hii ina matatizo, na mengine yanahusu chama moja kwa moja.

Kazi ya mwalimu haipungui, inahama. Kutunga tatizo moja zuri, lenye majibu manne yanayoelekea kuwa kweli, kunamla mwalimu saa nyingi kabla ya darasa. Uongozi wa chuo ukimwona amekaa kimya wakati timu zinajadiliana, utasema hana kazi, umwongezee madarasa. Wenzetu wa vyama vya walimu wa vyuo walitazame jambo hili mapema.

Wanafunzi wengine hunung'unika: tumelipa ada, mbona tunajifundisha wenyewe? Manung'uniko hayo yana haki ikiwa vitabu havipo. Mtu hawezi kusoma kabla kama kitabu ni kimoja kwa watu thelathini, au kama umeme unakatika kila jioni.

Na kupimana kunaweza kugeuka kulipizana visasi. Tumeviona hivyo hata katika uchaguzi wa matawi. Ndiyo maana mwalimu lazima awafundishe kwanza namna ya kumkosoa mwenzio: utaje alichofanya, usimtukane alivyo.

SISI TUFANYE NINI?

La kwanza ni semina zetu. Mara ngapi tumekaa siku mbili tunasikiliza mtu mmoja akisoma karatasi, tukala chakula cha mchana, tukapewa nauli, tukarudi bila hata neno moja kichwani? Na mara ngapi mwenyekiti ametoa maoni yake kwanza, halafu kila mkono ukapanda kumfuata? Mimi nimefanya makosa hayo miaka mingi. Siku hizi katika tawi letu tunagawanyika makundi ya watu sita, tunapeana tatizo moja, tunaandika herufi kwenye makaratasi ya maboksi, na tunainua pamoja. Mwenyekiti anainua pamoja na wengine, na mara nyingine anakosea kama wengine. Asiyejua kusoma anasomewa swali na mwenzake, lakini herufi anaichagua mwenyewe.

La pili ni damu yetu. Tudai kwamba kila anayechanganya au kupiga dawa apimwe kabla ya kuanza kazi hiyo, na kila mtu apewe tarakimu yake aihifadhi. Kipimo cha baadaye bila cha mwanzo ni kama kupima urefu wa kamba iliyokwisha kukatwa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 184 wa mwaka 2001, unaohusu usalama na afya katika kilimo, unasema wafanyakazi wana haki ya kuelezwa juu ya hatari za kazi yao, kuchagua wawakilishi wa usalama, na kujiondoa penye hatari kubwa inayokaribia bila kuadhibiwa. Mjumbe wa tawi aujue mkataba huo.

La tatu halihitaji fedha. Ukifika hospitali, taja kazi yako kabla hujaulizwa. Ikiwa ni dawa iliyokupata, vua nguo zilizolowa, oga kwa sabuni, na beba karatasi ya kwenye mkebe au jina la dawa lililoandikwa. Daktari aliyefundishwa vizuri atakushukuru. Aliyefundishwa vibaya atapata nafasi ya kukumbuka.

Mwenzetu yule yupo. Alihamishwa kwenye chumba cha kufungasha maua baada ya chama kusimama kidete, na mshahara wake haukupunguzwa. Kwenye semina alikaa meza ya mbele. Tatizo lile la 150 na 90 lilipotolewa, kundi lake ndilo lililokuwa la kwanza kumaliza kujadiliana.

MASWALI YA KUJADILI MATAWINI

Kila mmoja ajibu kwanza peke yake, kisha makundi ya watu watano hadi saba yajadiliane.

1. Katika shamba lenu ni nani wanaochanganya dawa, na je, wanayajua majina ya dawa hizo?

2. Mwenzenu anatoa jasho jingi, mate yanamwagika, na mboni zake zimesinyaa. Mnyapara anasema ni malaria. Mtafanya nini katika dakika kumi za kwanza, na kwa mpango gani?

3. Mwajiri anasema kupima damu kabla ya msimu ni gharama isiyo na maana. Andikeni rufaa yenu kwa mistari isiyozidi kumi, yenye ushahidi.